Safari ya Magari ku Mwadingusha: Kwa Nini Twende, na Namna Gani Twende

Haya ni maneno yaliyotolewa na memba moja wa shirika letu, shofere na fundi wa magari, mbele ya mkutano mukubwa hapa Lubumbashi. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, juu ya ombi la banamemba wa Likasi ambao hawakuweza kufika.



Komite imeniomba niseme juu ya ile safari ya magari ambayo vijana wetu wameomba. Munajua namna maneno ilianza. Vijana walisema: sasa shirika letu liko na banamemba wenye magari, tutoke siku moja wote pamoja, tupite Likasi, tupande milima, tufike Mwadingusha ku maporomoko ya maji, tule samaki, turudi. Wengine wakapiga makofi. Wengine wakanyamaza. Na wengine, hasa wazee, wakauliza maulizo matatu. Yote matatu ni ya haki, basi nitayajibu moja moja, sitaruka hata moja.

Ulizo la kwanza: je, shirika la kusaidiana liko na haki ya kutumia franga kwa matembezi? La pili: je, hii si majivuno, kuonyesha magari mbele ya wale hawana? La tatu, njo kubwa kuliko yote: barabara ya Likasi inaua watu, tunaenda kutafuta nini kule?

Mbele ya kujibu, ninataka kwanza tukumbuke kama kuenda na magari mengi mu mustari moja si kitu kigeni hapa kwetu.

Mu mwaka wa 1924, mwezi wa kumi, Wafaransa wa kampuni ya Citroën walitoka Colomb-Béchar, kule Algeria, na magari 8 yenye minyororo nyuma pahali pa mapira. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita mu misitu ya Kongo, wakafika Kampala. Pale wakajigawanya makundi ine. Moja likaenda Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji, na la ine likashuka kusini, likapita hapa hapa mu muji wetu wakati uliitwa Elisabethville, likielekea Cape Town. Ile safari waliiita kwa Kifaransa Croisière noire. Wakubwa wetu wa wakati ule walisimama kando ya barabara kutazama. Gari haikuwa yao, na barabara walikuwa wanailima wao kwa majembe.

Halafu tuangalie upande wa Kenya. Mu 1953 kule walianzisha mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya kusherehekea malkia wa Uingereza kuvaa taji. Njo ile tunaita leo Safari Rally. Mu 1965 alishinda Joginder Singh, fundi na shofere wa Kenya, na Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine. Hakuwa na gari mupya! Mu 1963 na mu 1968 mvua na matope yalikuwa mengi sana, mpaka magari 7 tu yalifika mwisho kila mara. Hayo ni mashindano, sisi hatutashindana na mutu. Lakini ninataka vijana washike kitu kimoja: mu barabara ya Afrika, anayefika ni yule aliyetengeneza gari yake vizuri na aliyejua kupunguza mwendo. Mbio peke yake haijafikisha mutu.

Lakini, ndugu zangu, kuna misafara ingine ambayo sisi wenyewe tunaijua kuliko Citroën na kuliko Wakenya. Wengi wenu hapa mulikimbia vita ya Pweto na Moba. Mwange ilifunguliwa 1999, Kala 2000. Ile mwezi wa kumi na mbili wa 2000, wakati Pweto ilianguka, kuna watu mu chumba hiki waliovuka mupaka na sufuria moja na mutoto mugongoni. Wengine walikaa Meheba, karibu ya Solwezi. Halafu tangu 2007 mpaka 2010 HCR iliturudisha. Wengine walivuka ziwa Tanganyika na mashua kutoka Mpulungu mpaka Moba. Wengine tuliletwa na makamyo mpaka Pweto.

Ile njo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya magari. Hatukuichagua juu ya kufurahi, lakini ilitufundisha. Munakumbuka sheria zake? Hakuna kamyo iliyoruhusiwa kupita ingine. Kamyo ya mizigo haikuachwa nyuma. Kama mama moja alishikwa na uchungu wa kuzaa, msafara wote ulisimama. Mwendo haukupimwa na kamyo ya nguvu. Ulipimwa na ile ya zaifu. Na kila jioni walihesabu watu, jina kwa jina.

Basi mimi ninasema: watu waliorudi namna ile hawawezi kushindwa kuendesha magari kumi na moja mpaka Mwadingusha. Lakini waende na sheria zile zile.

Sasa nijibu ulizo la franga. Jibu ni fupi: kesi ya shirika haitaguswa. Kesi yetu ni ya magonjwa, ya kuzaa na ya kilio. Kila mwenye gari atajaza esanse ao mazutu yake mwenyewe, atalipa peaji yake mwenyewe. Kila mutu atakayekaa mu kiti atatoa kitu kidogo ambacho komite itaamua, na ile franga yote itaingia mu kesi ya kilio. Kwa hiyo tukirudi, kesi itakuwa imepanda. Kama haikupanda, mutuulize mbele ya mkutano.

Ulizo la majivuno. Hapa nitasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike kidogo halafu atusamehe.

Mu wakati wa mvua iliyopita, memba wetu wa Likasi, mama mzee tunayemujua wote, alifiwa na bwana yake. Bwana yule alikuwa kati ya watu waliohesabu majina yetu ku kambi. Ujumbe ulifika Lubumbashi asubuhi. Kilometre ni kama 120 tu, na barabara ni ya gudro. Munajua watu wangapi kutoka hapa walifika ku mazishi? Watatu. Watatu, na walienda na basi, mmoja wao kwa franga ya kukopa. Siku ile ile, mu parcelle za banamemba hapa Lubumbashi kulikuwa magari kumi na moja yamelala. Sijasema wenye magari ni wabaya. Kila moja alikuwa na sababu: gari moja haina freni nzuri, ingine shofere anaogopa barabara ya Likasi, mwingine hakujua nani anaenda, mwingine alifikiri mwenziwe atabeba watu. Kila moja alikuwa na kiti ya wazi, na hakuna aliyejua kiti ya mwenzake.

Njo maana, kwangu mimi, safari hii si matembezi tu. Ni mazoezi. Tukienda mara moja kwa furaha, tutajua gari gani inaweza na gani haiwezi, shofere gani ana moyo tulivu, nani anaweza kubeba wazee, nani ana kamba ya kuvuta na kriki. Halafu siku ya kilio hatutaanza kutafutana. Gari ya memba itakuwa imefanana na mkono wa memba mu likelemba: iko yake, lakini zamu ikifika tunajua iko pale.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ninaomba ipitishwe: gari yenye kiti ya wazi haitoki. Asiye na gari anaandikwa mbele ya mwenye gari. Tukifanya hivi, nani atasema ni majivuno? Majivuno ni kupita mu muji ukipiga honi, peke yako mu gari ya viti saba.

Tufike sasa ku ulizo la tatu, la hatari. Hapa sitafanya haraka, juu ya maisha ya watu.

Barabara ya Likasi munaijua. Kamyo zinazobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi zinashuka kwenda Kasumbalesa, zingine zinapanda na chokaa, na mazutu, na aside ya migodi. Mu mwezi wa pili wa 2019, mu njia ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya aside ya sulfuriki iligongana na basi. Watu zaidi ya kumi na tano walikufa, na aside ilichoma hata wale waliokuwa wazima kisha kugongana. Kwa hiyo munapoona kamyo ya tanki na alama ya hatari nyuma, usiisukume, usiisogelee. Ikianguka, usikimbilie kuchota wala kutazama. Kaa mbali, upande ule upepo unatokea.

Halafu kuna ndugu zetu wa makala. Wanasukuma kinga na mifuko mitatu, ine, ya makala, kutoka pori mpaka muji. Usiku hawana taa. Mu mlima hawawezi kusimama haraka, juu mzigo unawasukuma. Wale si kizuizi cha barabara. Wale ni watu wanaotupikisha bukari. Kila shofere wa msafara akiona kinga, anapunguza, anaacha nafasi ya mkono wote wa gari, na kama mbele kuna gari ingine inakuja, anangoja nyuma ya kinga. Ndiyo, anangoja nyuma ya kinga. Dakika moja haijaua mutu.

Sasa kitu kinachotugusa sisi hasa, sisi tuliotoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini. Magari yetu mengi ni ya volan ya kuume. Kule tunaendesha kushoto. Hapa Kongo tunaendesha kuume. Ku Kasumbalesa mutu anabadilisha upande wa barabara, lakini volan haibadiliki. Nitaeleza shida yake pole pole, juu vijana wanafikiri ni mazoea tu.

Shofere wa volan ya kushoto, hapa kwetu, anakaa karibu na katikati ya barabara. Akitaka kupita kamyo, anasogea kidogo tu, jicho lake linaona mbele. Wewe wa volan ya kuume unakaa upande wa mufereji. Mbele ya jicho lako kuona, lazima gari nzima itoke, iingie mu njia ya yule anayekuja. Maana yake unaonyesha mwili wa gari mbele ya kuonyesha jicho. Njo pale watu wanakufa.

Dawa yake iko mbili. Ya kwanza: usishike mukia wa kamyo. Ukikaa mbali nyuma, barabara inafunguka mbele yako hata bila kutoka. Ukikaa karibu, unaona milango ya kamyo tu. Ya pili: angalia viraji. Mu viraji inayokunja kuume, wewe wa volan ya kuume unaweza kuona mbele kwa upande wa ndani wa kamyo. Mu viraji inayokunja kushoto, kamyo inafunika kila kitu, huoni hata kidogo. Lakini kuona mu viraji si ruhusa ya kupita mu viraji. Ni ya kukusaidia kujua kinachokuja. Kupita ni pahali barabara imenyooka, haipandi juu ya kilima, na unaona mpaka mwisho.

Na yule anayekaa kushoto kwako, kwenye kiti cha mbele, anaweza kuwa jicho la pili. Lakini neno lake ni moja tu: «kuna gari». Asiseme «pita, pita!» Yeye anatazama, lakini mwenye kujua nguvu ya motere ni wewe. Kama ajali inafika, volan iko mu mikono yako.

Kuna kitu kingine watu hawajui: taa. Magari yaliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, sawa vile Japani, taa zake za chini zinatupa mwanga zaidi upande wa kushoto, juu ya kuangaza ukingo wa barabara ya kwao. Hapa kwetu, upande wa kushoto ni macho ya yule anayekuja! Unamupofusha, na wewe mwenyewe huoni kinga ya makala ku mukono wa kuume. Kwa hiyo sheria ya pili ninaomba: msafara wetu hauendeshi usiku. Saa kumi na mbili ya jioni kila gari iwe imefika ku parcelle yake. Kama tumechelewa, tunalala Likasi kwa banamemba. Tutabanana, tutalala chini. Tulishaka kulala pabaya kuliko pale.

Niseme sasa kidogo juu ya njia yenyewe, ili tujue kama inastahili.

Tukitoka Lubumbashi asubuhi, saa kumi na mbili, tutakuwa Likasi mbele ya jua kukaa kali. Wazee walizoea kuita Likasi Jadotville, mpaka 1966 wakati majina ya miji ilibadilishwa, sawa Elisabethville ilikuwa Lubumbashi. Pale barabara inaanza kucheza mu vilima, na mutu anaona kama Katanga si uwanda tu. Ku Likasi tutapita kwanza kwa yule mama aliyefiwa. Tutaingia wote, tutakaa, tutaomba. Magari yatangoja. Ile njo kituo cha kwanza, na kwangu mimi hata tukirudi kutoka pale bila kufika mbele, safari itakuwa imekwisha kuzaa matunda.

Kisha Likasi tunachukua njia ya Mwadingusha, upande wa mashariki, kando ya bonde la mto Lufira. Kule mutu anapunguza madirisha, anasikia harufu ya pori. Mwadingusha iko na maporomoko ya Lufira ambayo wazungu waliita Cornet, yenye urefu wa zaidi ya metre 100. Juu yake kuna barraji, na barraji njo ilizaa ziwa Tshangalele, pahali wavuvi wanaishi na ndege ni wengi sana. Mutambo wa umeme wa pale ulianza 1930. Chini yake ku mto ule ule kuna Koni, ya 1950. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulisha viwanda vya shaba. Mutambo wa Mwadingusha ulikuwa umechoka sana, wakautengeneza upya, kazi ikaisha 2021.

Kwa nini nasema haya? Juu batoto wetu wanajua umeme kwa kitu kimoja tu: kukatika. Wengi walizaliwa ku kambi, pahali taa ilikuwa ya mafuta. Wakafika hapa, wakaona nyaya zinapita juu ya nyumba, na ndani ya nyumba giza. Ninataka waone maji yanayoshuka, waone mabomba makubwa yanayoyabeba, waulize maulizo. Pengine moja wao atakuwa fundi wa pale. Lakini mujue: mutambo ni wa SNEL, na hatuingii ndani bila ruhusa. Sekretere ataandika barua mbele. Wakikataa, tutatazama kutoka nje, hatutabishana na mulinzi. Na picha hatupigi ya mitambo mbele ya kuuliza.

Tutaenda wakati gani? Ninashauri mwezi wa tano. Mvua imekwisha, barabara ya udongo imekauka, majani yangali mabichi, na maji yangali mengi. Ukingoja mpaka mwezi wa saba na wa munane, vumbi inakuwa ukuta, na moshi ya pori kuungua inafunika vilima.

Sasa sheria za msafara wenyewe. Nazisema moja moja, na sekretere aandike.

Gari zitajigawanya makundi mawili, moja ya sita na moja ya tano. Msafara murefu sana unakasirisha wengine mu barabara, wanalazimika kuruka magari yote kwa mara moja. Kati ya kundi na kundi tunaacha dakika kumi.

Gari ya mbele inaendeshwa na mutu anayejua njia na asiyependa mbio. Gari ya nyuma ni ya fundi, iko na kriki, kamba, maji, waya za batri, na sanduku la dawa. Nyuma ya fundi hakuna gari yetu. Gari zaifu kuliko zote inawekwa ya pili, karibu na ile ya mbele, ili ile ya mbele ione mwendo wake.

Kila shofere iko na kazi moja: kuchunga gari iliyo nyuma yake. Usitazame ile ya mbele, wao watakungoja. Ukikosa kuona ya nyuma mu kioo, punguza. Ukiwa haujaiona bado, tafuta pahali pazuri nje ya barabara, simama. Ile iliyo mbele yako nayo itakukosa mu kioo chake, itapunguza, itasimama. Hivyo hivyo habari itafika mpaka mbele bila hata simu, na njia kule pengine mtandao hakuna. Ku njia panda, hakuna anayekata kona mbele ya kuhakikisha wa nyuma amemuona.

Umbali: gari ya mbele yako ikipita mti ao poteau, hesabu pole pole mpaka tatu. Ukifika kwenye ule mti mbele ya kumaliza kuhesabu, uko karibu sana. Mu vumbi hesabu mpaka sita na zaidi, mpaka uone vizuri.

Ku mutelemko: usikanyage freni bila kuachia kutoka juu mpaka chini. Freni inapata moto, halafu inakanyagika bila kushika. Rudisha vitesi mbele ya kuanza kushuka, uache motere ikushike. Wenye boite otomatike, ile «2» na ile «L» hazikuwekwa pale kwa mapambo. Usishuke na motere imezimwa ili kuchunga esanse. Freni na volan zinakuwa nzito, na ile esanse utailipa hospitali.

Mapira: siku ya jumamosi moja mbele ya safari, magari yote yatakuja kwangu, bure. Kando ya pira kuna tarakimu ine kisha herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3512, ile pira ilizaliwa juma la 35 la mwaka wa 2012. Tunanunua mapira ya kutumika, tunaona meno yangali marefu, tunafurahi. Lakini kauchu imekwisha kuzeeka, na mu joto ya barabara inapasuka. Gari yenye pira ya kuzeeka ao freni ya mashaka haiendi. Mwenye gari ataenda, mu kiti cha mwenzake. Hakuna haya mu ile.

Pombe: shofere anakunywa munkoyo mupya, maji, ao kola. Basi. Anayetaka Simba, akae nyuma.

Batoto wanakaa mu kiti, si mu buti. Mikanda inafungwa, ya mbele na ya nyuma.

Na ya mwisho: tunahesabu watu jina kwa jina, asubuhi, Likasi, Mwadingusha, na tena wakati wa kurudi. Sawa vile walituhesabu. Hatutarudi na hesabu yenye kupunguka.

Ndugu zangu, najua kuna wazee hapa ambao hata leo, wakiona magari yanapangwa mustari, moyo unapiga. Mama moja aliniambia: «Mimi msafara unanikumbusha kuondoka». Nilimusikia vizuri. Sitamulazimisha. Lakini ninamuomba jambo moja: tangu tulirudi, hatujaenda pamoja pahali popote ila ku makaburi. Batoto wetu wanaona shirika kama kitu cha kilio na cha kulipa deni. Siku moja watachoka kulipa, juu hawajui furaha yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini vidole vinapaswa kuzoeana mbele ya chawa kuonekana.

Kwa hiyo ninaomba mkutano uamue mambo matatu leo. Moja, kama tunakubali safari. Mbili, kama tunakubali sheria hizi zote, bila kuchagua zile tunapenda tu. Tatu, na hii hata kama safari inakataliwa: sekretere afungue daftari ya magari, yenye jina la mwenye gari, hesabu ya viti, na hali ya gari. Ili ujumbe ukitoka tena Likasi, ao Pweto, ao Kipushi, tusiende tena watu watatu na basi ya kukopa.

Daftari nimekwisha kuinunua, iko hapa mbele. Ukurasa wa kwanza nimeandika gari yangu: viti vitano, mapira ya 2022, freni mupya. Anayefuata aje aandike yake.